Buti la Mwalimu Mkuu

Mimi na watu wanaojua kila kitu hatupikiki chungu kimoja. Nimewaona wengi mno. Mwaka wa ishirini na mbili huu niko kwenye chumba cha plasta, chumba chenye sinki moja, kitanda kimoja cha chuma na ndoo ya maji ya uvuguvugu, na katika miaka hiyo wamepita hapo madaktari wa kila namna: wenye barua, wenye mradi, wenye kamera. Wote huja kutuokoa. Wakishaondoka, wa kufagia ni sisi.

Lakini huyu wa safari hii, jamani, aliwapita wote. Tulimwita Daktari Kishikwambi, maana hakuna aliyewahi kumwona bila kile kishikwambi chake. Mgonjwa anaingia, anaketi, anavuta pumzi, yeye bado anagusagusa kioo. Akija kuinua uso, anauliza maswali sita, yaleyale, kwa mpango uleule. Swali la nne lilikuwa hili: "Unavaa buti kila siku?" Naomba ulikumbuke hilo swali la nne, kwa sababu ndilo lililotaka kunimalizia dada yangu.

Kliniki yetu ni ya miguu. Watu wakisikia hivyo wanacheka, eti kliniki ya miguu, kwani mnakata watu kucha? Ndiyo, tunakata kucha, na sugu tunazinyoa, na anayecheka leo namkaribisha siku yake ikifika. Mwenye kisukari, mguu wake ukishakufa ganzi, anaweza kukanyaga msumari asubuhi akaja kuugundua jioni anapovua kiatu, na si kwa maumivu, ni kwa kuona soksi ina damu. Kidonda kikimtoka chini ya unyayo hakimuumi. Kwa kuwa hakimuumi, anakikanyaga, na kidonda kinachokanyagwa kila siku hakiponi hata ukikipaka dhahabu. Soma vitabu mpaka macho yakutoke, mwisho utarudi hapohapo: kitue mzigo, kitafunga.

Zamani tulikuwa tunawafunga plasta kuanzia vidoleni hadi chini ya goti. Mtu anatembea nayo wiki nzima, haivuliki hata akitaka. Walinitukana sana. Mmoja aliniita mchawi mbele ya watoto wake. Lakini vidonda vilifunga, na huyo aliyeniita mchawi alirudi kunionyesha mguu wake kama mtu anayeonyesha cheti.

Ndipo akaja Kishikwambi na mabuti yake. Meusi, makubwa, marefu hadi karibu na goti, yenye mikanda mitatu ya kunata, na ndani ya soli kuna kidude cha kuhesabu hatua kinachotuma hesabu moja kwa moja kwenye kioo chake. Mgonjwa analivua akioga, analivua akilala.

"Tunampa mgonjwa uhuru wake," alituambia kikaoni. "Plasta ni mambo ya kale, mama."

"Mguu uliokufa ganzi haujui uhuru, daktari," nikamwambia.

Wenzangu walicheka. Yeye hakucheka, akaandika kitu. Wiki ileile ndoo yangu ikachukuliwa kwenda kupigia deki.

Sasa nije kwa dada yangu. Dada ananizidi miaka kumi na mitano, na mama alipotutoka, yeye ndiye aliyenifunga kamba za viatu siku yangu ya kwanza ya shule. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi miaka kumi na tisa, na mpaka leo, amestaafu zamani, mtaa mzima unamwita Mwalimu Mkuu. Hata mimi namwita hivyo mbele za watu, maana sitaki matatizo. Kisukari anacho mwaka wa kumi na nne. Kidonda kilimtoka mguu wa kulia, chini ya kidole gumba, pale hasa mtu anaposukumia ardhi akipiga hatua. Milimita ishirini na mbili. Damu ilikuwa inafika mguuni vizuri, picha ilionyesha mfupa mzima. Kidonda cha kupona kabisa, kidonda cha miezi miwili kwa plasta yangu.

Lakini Kishikwambi alikuwa anatafuta watu wa utafiti, na Dada akaandikwa wa kwanza. Mgonjwa namba moja. Alirudi nyumbani siku hiyo kidevu juu, maana Dada hajawahi kuwa namba mbili kwa jambo lolote.

Kila Jumanne alikuja kliniki na buti lake, limefutwa likang'aa. Daktari akimwamkia huku macho yako kwenye kioo, Dada anamkatiza: "Unamwamkia nani, mimi au hiyo meza yako?" Kisha maswali sita. La nne: "Unavaa buti kila siku?"

"Kila siku, daktari. Mimi nimefundisha watoto wa watu kufuata maelekezo, nije nishindwe mwenyewe?"

Na kioo kikaonyesha hesabu: hatua mia tatu kwa siku, siku nyingine mia nne. Daktari akafurahi hadi akasimama. Akatupigia mchoro ukutani, mstari wa chini kabisa ukiwa wa Dada. "Tazameni mgonjwa namba moja," akasema. "Hazuruli. Anapumzika. Huyu ndiye mgonjwa wa mfano."

Mimi nilikaa nyuma nikajiuliza, Dada yangu huyu, apumzike? Huyo mtu hajakaa kitako tangu aachishwe ziwa. Lakini nikajisemea, labda ni umri, labda ni hofu ya kisu. Nikanyamaza. Na mimi kunyamaza si kazi yangu, ningejua hapo kwamba nimeanza kuugua.

Wiki ya nane nikampima mwenyewe. Ishirini na nne. Kilikuwa kimekua, na ukingo wake umeota sugu mpya, nene, ngumu kama ganda la muhogo uliokauka. Nikainyoa polepole kwa wembe, na huku nainyoa hasira inanipanda. Sugu haioti kwenye mguu unaopumzika. Nikaenda kwa Kishikwambi.

"Daktari, huu mguu unakanyagwa."

Akanigeuzia kioo. "Hatua mia tatu na kumi na mbili, mama. Hizi ni takwimu."

"Na hii ni sugu," nikasema, nikamwekea kipande juu ya meza, kwenye karatasi.

Alikitazama kama mtu aliyewekewa mende. Kisha akaandika kwamba mwili wa mgonjwa haujibu matibabu, akampeleka kwa daktari wa upasuaji. Ndivyo wanavyofanya hawa watu. Kikipona, ni buti lao. Kisipopona, ni mwili wako.

Daktari wetu wa upasuaji ni mtu wa maneno machache, na ndiyo sababu simchukii. Alikitazama kidonda, akakichokoa kwa kijiti cha chuma, akasema, "Alhamisi wiki ijayo. Kidole gumba na mfupa wa nyuma yake, kabla uchafu haujazama."

Watu wanadhani kidole ni kidole tu. Ukikata kile, mzigo unahamia cha pili, kidonda kinatoka hapo, unakata tena. Nimewaona wakiisha kidogo kidogo, mwaka huu kidole, mwakani nusu ya unyayo, mwaka wa tatu tunapima magongo. Dada alisikiliza akiwa amenyooka. Tulipofika kwenye korido, akanishika mkono juu ya kiwiko.

"Mdogo wangu, mimi nikikatwa mguu siwezi kuishi."

"Watu wanaishi, Dada."

"Watu," akasema. "Mimi nimekwambia mimi."

Jumapili nikaenda kwake, kama ninavyokwenda kila Jumapili. Nyumba ya Dada ina sakafu ya saruji nyekundu, na nta anaipiga mwenyewe kila Jumamosi, amepiga magoti, hataki mtu amsaidie. Unaweza kujipaka wanja ukijitazama chini. Kanuni ni moja: kiatu hakivuki kizingiti. Pale nje pana mkeka mdogo, na viatu vinapangwa juu yake kwa mstari, ncha zikitazama barabarani, kama watoto kwenye gwaride la asubuhi. Nikavua vyangu. Mkeka ulikuwa umejaa, nikasukuma kitu pembeni kwa mguu ili vyangu vipate nafasi, nikaingia.

Tukakaa mezani. Yaani mimi nikakaa. Dada alikwenda jikoni kuleta chai, akarudi kwa sababu amesahau sukari yangu, akaenda dirishani kuvuta pazia, akaenda tena jikoni kumgombeza mkamwana wake, mke wa mwanawe mkubwa, kwamba maji yale hayakuchemka. Mimi nilikuwa kwenye kumsema Kishikwambi. Nilikuwa nimepata kasi. Nilikuwa nimefika kwenye ile habari ya kumwekea sugu mezani, chai iko mdomoni, ndipo nikaona sakafuni alama ndogo ya unyevu, ya mviringo. Mbele yake nyingine, na mbele ya hiyo nyingine. Zilitoka jikoni zikaja mezani, zikaenda dirishani, zikarudi. Zote za mguu wa kulia.

Nikainua macho taratibu. Dada alikuwa amesimama katikati ya sebule, bandeji imelowa, peku.

"Dada. Buti liko wapi?"

"Liko mahali pake."

"Wapi?"

"Mlangoni. Ni kiatu, kitakaa wapi tena?"

Nikatua kikombe. "Lakini ulimwambia daktari unalivaa kila siku!"

"Na ninalivaa kila siku." Akavuta kiti, akaketi, akanieleza kwa ile sauti ya kumweleza mtoto mzito. "Nikienda dukani navaa. Nikienda hospitali navaa. Hata nikitoka kumwaga maji hapo nje, navaa kwanza, nafunga mikanda yote mitatu, ndiyo natoka. Yeye kaniuliza kama navaa. Hakuniuliza kama ndani. Wewe ulimwona wapi mtu anavaa kiatu ndani ya nyumba?"

Na alikuwa amesema kweli tupu. Wiki nane alijibu swali la nne bila kudanganya hata mara moja. Zile hatua mia tatu zilikuwa za kwenda dukani na kurudi. Zilizobaki, maelfu kwa maelfu, alizipigia humo ndani, jikoni na sebuleni na chumbani, juu ya saruji ngumu, kwa bandeji tupu. Aliyekuwa anapumzika ni buti. Buti ndilo lililokuwa mgonjwa wa mfano.

Nikatoka nje kulitazama. Lilikuwa kwenye mkeka, limefutwa vumbi, limelala kidogo upande. Limelala upande kwa sababu ndilo nililolisukuma kwa mguu ili viatu vyangu vipate nafasi. Na haikuwa Jumapili hiyo tu. Mguu wangu uliijua njia, uliinuka na kusukuma wenyewe bila kuniuliza, kama unavyozima taa ukitoka chumbani. Jumapili nane. Nikasimama pale, mimi, fundi wa plasta wa miaka ishirini na miwili, nikaona haya mpaka masikio yakawaka. Kisha nikaingia ndani, na sikumwambia mtu.

Jumatatu nilimkuta Kishikwambi kwenye chumba cha kusubiria, wagonjwa wamejaa mabenchi. Nafasi nzuri kuliko hiyo sikuitaka.

"Daktari, yule mgonjwa wako wa mfano nimemwona jana. Anakaa mlangoni kutwa nzima, hasumbui mtu, wala hali. Ni buti."

"Sijakuelewa, mama."

"Utanielewa. Dada yangu analivua mlangoni. Anatembea peku nyumba nzima, anavaa akitoka. Wiki nane unahesabu hatua za kwenda dukani! Mwenye macho haambiwi tazama, daktari, lakini wewe yako umeyafunga kwenye hicho kioo. Hata siku moja hukumuuliza mtu anaingiaje nyumbani kwake?"

Benchi la mbele mzee mmoja aliuficha mguu wake chini ya benchi. Mwanamke aliyekuwa karibu naye akasema, taratibu, "Kwani hata ndani?" Mwingine akasema, "Mimi langu liko kibarazani." Nakwambia kliniki nzima ilikuwa inatembea peku, mabuti yamepanga foleni milangoni mji mzima.

Kishikwambi akawa mwekundu wa aibu. "Lakini mama, wewe si ni ndugu yake? Wewe mwenyewe hukuwa..."

"Usinibadilishie mada!" nikamkatiza, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, nikageuka nikaenda kwa daktari wa upasuaji kabla hajamaliza.

Yule bwana alinisikiliza akinawa mikono. "Nakupa wiki nne," akasema. "Kikipungua nusu, naweka kisu chini. Kisipopungua, usije kunililia."

Nikaenda kuichukua ndoo yangu kwa wapiga deki. Nikamwita Dada, nikamvalisha buti, nikahakikisha mguu umekaa sawa ndani, nikafunga mikanda yote mitatu, kisha nikalowesha bandeji mbili za plasta nikazizungusha juu ya mikanda, nikalainisha kwa kiganja. Buti lilelile, ila sasa halivuliki. Uvumbuzi wangu haukuwa. Mbinu hii imeandikwa na watu wameipima, na ilikuwa humohumo ndani ya kishikwambi. Nilimwambia atafute, akatafuta, akaipata, tena kwa rangi ya njano ya kuonyesha kwamba ameshaisoma. Aka! Nilicheka hadi nikashika sinki.

Mguu wa kushoto nikamtafutia kiatu chenye soli nene ili nyonga zisipande na kushuka. Dada akasimama, akajaribu hatua mbili.

"Sasa nikifika mlangoni hili nitalivuaje?"

"Hulivui."

"Nitaingiaje?"

"Utaingia nalo."

Akacheka, kama nimemwambia aingie amepanda ng'ombe.

Mchana ule nilimsindikiza mwenyewe. Alifika kizingitini akasimama. Sakafu ilikuwa imepigwa nta juzi yake, inang'aa mpaka ukutani. Akaitazama, akalitazama buti, akamwita mkamwana wake. "Niletee kiti." Akaketi kibarazani, mgongo umenyooka, kama anayesubiri wazazi wa mtoto mtundu.

Saa nzima. Akaletewa chakula, akala hapo. Mkamwana akapendekeza atandike shuka kuanzia mlangoni hadi chumbani. "Mimi sijafa, usinitandikie shuka," akaambiwa. Akapendekeza mfuko wa plastiki juu ya buti. Hapo nikakataa mimi, mfuko juu ya nta, avunjike na nyonga kabisa tumalize kazi.

"Dada, ingia."

"Siwezi."

"Hutaki."

"Nimesema siwezi." Sauti yake ikashuka. "Nimewapiga watoto wa watu kwa matope ya viatu. Nimemsimamisha mkaguzi wa elimu hapohapo uliposimama, na tai yake, mpaka akavua. Shemeji yako siku aliyozidiwa, alishika mlango huu kwa mikono miwili, akavua viatu, ndiyo akaingia kulala, na hakuamka. Leo mimi niingie na hili likubwa?"

Hapo nilitakiwa kulia, na karibu nilie. Lakini mimi uchungu ukinizidi unageuka hasira, ndivyo nilivyoumbwa.

"Basi kaa hapo!" nikamwambia. "Kaa wiki nne. Wakishakukata utaingia kwa magongo, na magongo nayo yana mpira chini, hayo utayavua pia?"

Akatazama barabarani.

Nikavaa viatu vyangu. Vya kazini, vina plasta kavu pembeni na vumbi la njia nzima. Nikavuka kizingiti. Nikaenda hadi mezani nikibamiza visigino, nikaenda jikoni, nikarudi, nikaenda dirishani nikavuta pazia lake nikaliacha limepinda. Vipande vya plasta vilikuwa vinadondoka nyuma yangu. Kisha nikaketi kwenye kiti cha marehemu shemeji, nikanyoosha miguu. Mkamwana aliziba mdomo kwa viganja viwili.

"Toka!" Dada akasema kutoka nje.

"Njoo unitoe."

"Nasema toka ndani ya nyumba yangu!"

"Siwezi, nimekaa. Kiti kizuri hiki."

Nikasikia kiti cha kibarazani kinakwaruza. Akashika mwimo wa mlango. Akaja. Buti lilipiga sakafu, pu, pu, pu, sauti ambayo nyumba ile haikuwahi kuisikia, hadi akafika nilipo, akanishika sikio. Nina miaka hamsini na mmoja, na wajukuu wawili. Akalivuta mpaka nikainuka.

Ndipo akageuka, akaona. Kutoka mlangoni hadi kitini, alama za vumbi, zangu na zake, zimepishana juu ya nta. Mkono wake ukalegea. Macho yakamjaa machozi, na Dada huyu sikumwona akilia hata msibani.

"Nani ataipiga hii?" akauliza.

"Mimi."

"Kila Jumamosi."

"Kila Jumamosi, Dada."

Na nikaipiga. Jumamosi kumi na moja, nimepiga magoti, yeye yuko kitini, mguu kwenye stuli, ananionyesha kwa kidole mahali nilipopaacha. Alinitesa, sitaficha. Kuna pembe moja nyuma ya kabati alinirudisha mara tatu.

Wiki ya nne nilipima milimita tisa. Daktari wa upasuaji akapima tena mwenyewe, mara mbili, akasema "Haya," akaenda zake. Kishikwambi naye akatuita kikaoni, akatupigia mchoro mpya ukutani, na juu yake ameandika kwamba changamoto kubwa ni wagonjwa kutofuata maelekezo wakiwa nyumbani. Eti kutofuata! Swali la nne sasa linasema, "Unavaa buti ndani ya nyumba?" na chini yake ameandika jina lake kama ndiye aliyeligundua. Mtu hana haya huyo. Siku hizi ananisalimia kwanza, hilo nampa.

Wiki ya kumi na moja nilikata plasta ya mwisho. Tulikuwa wawili tu, mimi na Dada, mlango umefungwa. Nikapitisha mkasi, nikafungua mikanda, nikatoa mguu. Ngozi ilikuwa imefunga, nyororo, ya rangi nyepesi kidogo. Nikauweka kwenye beseni la maji vuguvugu niliyoyajaribu kwa kiwiko, nikaanza kuuosha, na raha iliyonishika ikanifungua mdomo. Nikaanza na Kishikwambi. Nikasema hivi mtu anakaaje wiki nane, jibu liko mbele yake, halioni? Amesoma mpaka wapi? Hata kipofu angelipapasa! Nikaendelea, nikaendelea.

Dada alinisikiliza. Kisha akasema, kwa ile sauti ya darasani ambayo haipandi, "Zile Jumapili nane ulikuja kwangu."

"Nilikuja."

"Viatu vyako uliviweka wapi?"

Mkono wangu ukasimama ndani ya maji. Ningeweza kudanganya, ila kwake sijawahi kuweza.

"Mkekani."

"Mkeka ulikuwa umejaa."

"Nililisogeza buti."

"Kwa mkono?"

"Kwa mguu, Dada."

"Kila Jumapili ukiondoka nilikuwa nalinyoosha," akasema. "Nikawa najiuliza, huyu mdogo wangu na kazi yake hii, analionaje hili buti?"

Aliningoja, kama anavyomngoja mtoto amalize sentensi, na alipoona haimaliziki akajiegemeza kitini, akafumba macho.

"Haya," akasema. "Endelea kumsema daktari."

Nikachukua taulo, nikamkausha mguu, katikati ya vidole, kimoja kimoja, kama tunavyowafundisha wagonjwa.